Shajara ya mradi: Honda CG125 inayozima ikipata moto

Pikipiki yenyewe na ugonjwa wake

Pikipiki ninayoitengeneza ni Honda CG125 ambayo marehemu baba aliinunua mwaka 1991 kwenye mnada wa ofisi, baada ya kuiendesha kwa miaka kadhaa akiwa bwana shamba hapa wilayani Muheza. Aliendelea kuitumia kuzungukia mashamba ya machungwa mpaka alipostaafu, kisha ikakaa bandani kwa muda mrefu ikiwashwa mara chache kwa mwaka, na sasa ninaitumia mimi. Ninaweka kumbukumbu hizi kwa ajili ya yeyote mwenye pikipiki ya umri huo ambaye anataka kuishughulikia nyumbani kwa vifaa vichache, na ninaandika pia makosa yangu kwa sababu ndiyo yaliyonichukulia fedha na siku nyingi kuliko kazi yenyewe.

Aina hii ilitoka mwaka 1976, na walioibuni walikusudia iwe pikipiki itakayovumilia nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na barabara ni za vumbi. Ndiyo maana valvu zake husukumwa na pushirodi (vyuma virefu vya kusukumia) badala ya mnyororo wa taimingi, na mnyororo wa gurudumu la nyuma umefunikwa pande zote. Injini za pikipiki nyingi za Kichina wanazoendesha bodaboda zimefuata mchoro huo huo. Alama ya 156FMI inayopigwa kwenye injini zao inataja, pamoja na mambo mengine, silinda moja yenye kipenyo cha milimita 56, na kipenyo cha CG125 ni milimita 56.5. Kwa hiyo vipuri vingi vya injini hii ya zamani bado vinapatikana Tanga mjini kwa bei ya kawaida, ingawa, kama itakavyoonekana mbele, kufanana hakumaanishi kuingiliana.

Pikipiki hii haina tena mfumo wake wa kwanza wa umeme wa volti 6 wenye pointi. Miaka mingi iliyopita baba alimpa fundi aiwekee sumaku (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini), stata (fungu la koili zinazotoa umeme) na CDI (kisanduku kinachotoa umeme wa kuwasha plagi) za volti 12 za pikipiki ya Kichina.

Ugonjwa wake ulikuwa huu: ikiwa baridi iliwaka kwa kiki ya kwanza au ya pili na kwenda vizuri, lakini baada ya robo saa hivi ilizima njiani na haikukubali kuwaka tena mpaka ipumzishwe kwa dakika ishirini au zaidi. Baada ya hapo iliwaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

2 Machi 2024: Plagi mpya na kabureta ambayo haikuhitajika

Nilianza kwa kununua kabla ya kupima, na hilo ndilo kosa la kwanza. Mtu mmoja aliniambia kwamba pikipiki inayozima ikiwa na moto ina kabureta mbovu, nami nikaenda Tanga nikanunua kabureta nzima kwa shilingi 38,000 pamoja na plagi ya D8EA kwa shilingi 5,000. Plagi ilistahili kubadilishwa, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na ncha iliyolika na mwanya wake ulikaribia milimita 1, wakati unaotakiwa ni 0.6 hadi 0.7. Kabureta mpya niliifunga, nikaweka sailensa (mwendo wa injini isipovutwa mafuta), nikaendesha kuelekea Bombani, na pikipiki ikazima palepale ilipozoea kuzima.

Nilipofungua bakuli la kabureta ya zamani baada ya kurudi, nilikuta unga mwekundu chini yake, laini kama vumbi la barabara yetu. Jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zilikuwa wazi na boya halikuwa limetoboka. Niliisafisha kwa petroli na pampu ya baiskeli, nikairudisha, na mwendo wake ukawa bora kuliko wa ile mpya, ambayo jeti zake hazikulingana vizuri na injini hii. Unga ule ulinionyesha kwamba tatizo moja, angalau, lilikuwa linatoka juu zaidi, kwenye tangi.

9 Machi: Kupima mtiririko wa mafuta kwa chupa

Siku hii sikununua kitu. Nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikauelekeza kwenye chupa ya nusu lita, mbali na moto wowote, nikafungua koki huku mfuniko wa tangi umefungwa kama wakati wa safari. Petroli ilianza kutoka kwa mkondo unaoeleweka. Baada ya dakika tatu mkondo ulikonda ukawa kama uzi, na ilipokaribia dakika ya tano yalikuwa matone ya kuhesabika. Nilipoulegeza mfuniko nilisikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, na papo hapo mkondo ukarudi kama mwanzo. Nilirudia mara tatu na jibu likawa hilo hilo.

Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kupitishia hewa, ili petroli inaposhuka nafasi yake ijazwe. Tundu likiziba, ndani ya tangi panakuwa na mvuto unaozuia mafuta kushuka, na injini inakufa njaa ilhali tangi limejaa. Tangi hili lilipakwa rangi upya zamani, na aliyelipaka alinyunyizia na mfuniko. Rangi ilikuwa imeziba tundu upande wa chini, na juu yake kutu ikamalizia. Nilizibua kwa sindano ya cherehani, nikapuliza, nikahakikisha kwa kuweka mdomo na kuvuta hewa kupitia mfuniko.

Ninamshauri mwenye tatizo kama hili aanze na kipimo hiki cha chupa kabla ya kugusa kabureta.

16 hadi 24 Machi: Kutu ya tangi, na jinsi ilivyorudi usiku mmoja

Kuzibua mfuniko hakukuondoa unga mwekundu, kwa hiyo nililishusha tangi. Nilitoa koki, nikaziba tundu lake kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani kilichobanwa kwa bamba la bati, nikamimina lita sita za siki nyeupe, na kuongeza maji mpaka juu. Jirani alipendekeza maji ya ndimu, na katika mji wa machungwa na ndimu kama huu wazo hilo si baya, lakini kukamua ndimu za kujaza tangi ni kazi ya siku nzima. Kabla ya siki nilitia nati thelathini na kipande cha mnyororo wa zamani, nikalitikisa tangi kwa zamu na mdogo wangu mpaka mikono ikachoka, kisha nikavitoa vyote na kuvihesabu, kwa maana nati moja ikibaki ndani itakwenda kukaa kwenye koki. Siki ilikaa siku tatu. Funika rangi ya nje kwa nailoni, kwa sababu matone ya siki yanaacha alama. Langu lina mstari mmoja karibu na mdomo ambao hautafutika.

Siki ilipomwagwa ilikuwa nyeusi, na ndani ya tangi bati lilionekana la kijivu safi. Nilisuuza kwa maji yenye magadi ya kupikia ili kuua asidi iliyobaki, nikasuuza tena kwa maji matupu, nikaliweka barazani likauke. Hapo ndipo nilipokosea. Mwezi Machi hapa Muheza masika yanaanza na hewa imejaa unyevu, mvua ikanyesha usiku, na asubuhi nilipomulika tochi ndani nilikuta ukoko wa rangi ya chungwa umetanda kila mahali. Bati lililotoka kwenye asidi halina kinga yoyote na haliwezi kungoja hata usiku mmoja.

Nilirudia kwa siki ile ile niliyokuwa nimeichuja, safari hii kwa siku moja tu, na nikapanga ukaushaji kabla ya kumwaga. Nilingoja siku ya jua. Saa nne asubuhi nikasuuza kwa magadi, nikasuuza kwa maji ya moto kwa kuwa bati likiwa na joto hukauka upesi, nikalipindua, nikapuliza kwa pampu, nikaliweka juu ya bati la paa la banda kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Mara tu lilipokauka nikamimina dizeli robo lita na kulizungusha kila upande mpaka ndani kote kukang'aa kwa mafuta. Dizeli niliimwaga siku ya kufunga tangi, na petroli kidogo ya kusuuzia ikaondoa mabaki. Nikaweka mpira mpya wa koki na kichujio kidogo cha petroli kwenye mpira wa mafuta. Mpaka leo kichujio hicho ni cheupe.

6 Aprili: Valvu, na kosa la kuchagua juu isiyo yake

Tangi likiwa safi niliamua kupima valvu, kwa sababu pikipiki ilikuwa bado nzito kuwaka ikiwa na moto hata pale isipozima. Ilikuwa Ramadhani, kwa hiyo nilianza mara baada ya alfajiri, na hilo lilifaa pia kwa injini, kwa kuwa nafasi ya valvu hupimwa ikiwa baridi kabisa.

Kwenye CG125 nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Nilifungua kifuniko cha juu cha valvu na cha kushoto cha sumaku, nikazungusha sumaku mpaka alama ya T ikalingana na alama ya kwenye injini, nikaingiza fila (bamba jembamba la kupimia nafasi). Zote mbili zilibana kabisa. Niliridhika kwamba nimeupata ugonjwa, nikalegeza skrubu mpaka fila ya 0.08 ikapita kwa kukwaruza kidogo, nikafunga, nikapiga kiki.

Injini iliwaka kwa kelele ya kutisha. Valvu ziligonga kama mtu anayechonga nazi kwa panga, na hata nilipovuta mafuta haikuwa na nguvu. Niliizima baada ya sekunde chache.

Kosa lilikuwa hili. Katika injini ya mipigo minne pistoni hufika juu mara mbili kwa kila mzunguko wa kazi, na alama ya T hulingana mara zote mbili. Mara moja ni mwisho wa mpigo wa kubana, ambapo valvu zote zimefungwa; mara ya pili ni kati ya kutoa moshi na kuvuta hewa, ambapo valvu ya ekzosi haijamaliza kufunga na ya kuingizia imeshaanza kufunguka. Mimi nilipima katika hiyo ya pili. Roka (mikono inayofungua valvu) zilikuwa zimesukumwa na pushirodi, ndiyo maana zilibana, na kwa kulegeza skrubu pale niliacha nafasi kubwa mno ambayo ilionekana pale tu valvu zilipofunga kikweli.

Njia ya kuepuka kosa hili ni kutazama roka ya valvu ya kuingizia huku ukizungusha sumaku upande inaokwenda injini. Roka hiyo itashuka na kufungua valvu, kisha itapanda na kufunga; alama ya T inayofuata baada ya kufunga ndiyo yenyewe. Ukiwa umefika hapo, roka zote mbili zitachezacheza kidogo kwa kidole. Zikiwa ngumu zote mbili, usiguse skrubu. Zungusha mzunguko mzima mmoja upime tena.

Nilipopima upya mahali sahihi, vipimo vya zamani nilikuwa nimeshaviharibu. Ningepima kabla ya kulegeza ningejua valvu ya ekzosi ilikuwa na hali gani. Niliweka 0.08 zote, nikafunga kwa gasketi mpya. Kelele ikaisha, na sailensa ikatulia kuliko ilivyokuwa tangu nianze kuiendesha.

13 Aprili: Inazima tena, lakini kwa namna nyingine

Baada ya sikukuu ya Idi niliiendesha kuelekea Amani. Mpaka kijiji cha Kisiwani ilikwenda vizuri. Kutoka Zigi barabara inaanza kupanda kwa kona kuingia Usambara Mashariki, unakwenda kwa gia ya pili na ya kwanza kwa muda mrefu na upepo wa kupoza injini ni mdogo. Nilipanda kilomita kama tatu, na pikipiki ikazima.

Safari hii ilizima ghafla, kama mtu aliyezungusha ufunguo. Zamani ilikuwa ikianza kukohoa, kupoteza nguvu, kuvuta na kuachia, ndipo ife. Nilifungua mfuniko wa tangi na hewa haikuvuta. Nilichomoa mpira wa mafuta na petroli ikatoka kwa mkondo kamili. Nikaelewa kwamba pikipiki hii ilikuwa na maradhi mawili yaliyofanana kwa nje, na la kwanza lilikuwa limelificha la pili. Injini inayokosa mafuta hufa polepole kwa sababu bakuli la kabureta linamalizika kidogo kidogo. Inayokosa moto wa plagi hufa kwa mara moja.

Hapo nilipaswa kujifunza kutokana na ile kabureta ya mwezi Machi, lakini sikujifunza. Niliporudi nilipima moto wa plagi ikiwa baridi, nikauona wa bluu na wenye nguvu, kisha kwa kubahatisha tu nikanunua CDI kwa shilingi 15,000 na koili ya plagi kwa shilingi 12,000. Nilizifunga zote mbili tarehe 20, nikapanda tena, na pikipiki ikazima kabla ya kufika pale ilipozima wiki iliyotangulia.

27 Aprili: Kupima barabarani, ugonjwa ukiwepo

Nilinunua mita ya umeme kwa shilingi 22,000, nikajiwekea utaratibu: nyumbani nipime kila kitu injini ikiwa baridi na kuandika, kisha niendeshe mpaka izime, na nipime vitu vilevile palepale kabla haijapoa. Vipimo vyote nilivyofanya nyumbani mpaka siku hiyo vilikuwa vya pikipiki isiyoumwa wakati huo, na pikipiki isiyoumwa haiwezi kukuonyesha inaumwa wapi.

Stata ya aina hii ina koili kadhaa, na mbili ndizo zinazohusika na moto wa plagi. Moja hutengeneza umeme wa kuijaza CDI. Waya wake ni mweusi wenye mstari mwekundu. Ya pili, iliyo nje ya sumaku, huipa CDI ishara ya wakati wa kutoa moto. Waya wake ni wa bluu wenye mstari mweupe. Ukichomoa soketi chini ya tangi unaweza kupima kila moja kati ya waya wake na bodi (chuma cha injini). Asubuhi, injini ikiwa baridi, ile ya kujaza CDI ilisoma omu 412 na ile ya ishara omu 163.

Pikipiki ilizima juu ya Zigi saa tano kasoro. Nilichomoa plagi, nikaiweka kwenye kofia yake na kuegemeza chuma chake kwenye mapezi ya silinda, nikaifunika kivuli kwa kofia yangu ya kichwani kwa sababu moto wa plagi hauonekani vizuri juani, nikapiga kiki. Hapakuwa na moto wowote. Nikachomoa soketi na kupima. Koili ya ishara: 171. Koili ya kujaza CDI: mita iliandika 1 upande wa kushoto wa kioo, ambayo kwa mita yangu ndiyo alama ya njia iliyokatika.

Nilikaa pembeni ya barabara nikiwa nimefunga ncha za mita kwenye waya kwa mpira, nikitazama kioo. Kwa dakika kumi na nane hakikubadilika. Kisha tarakimu zikarukaruka mara moja na kutulia kwenye 458, zikaanza kushuka taratibu: 455, 451, 446. Nilirudisha soketi, nikapiga kiki moja, ikawaka. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo mtu wa kupita asingeielewa.

4 Mei: Sumaku, mzee wa pula, na stata juu ya mchanga wa moto

Ili kuitoa stata ni lazima kwanza uvute sumaku, na sumaku hukaa kwenye ncha iliyochongoka ya krenki (mhimili wa injini), ikishika kwa nguvu. Nilikwenda kuazima pula kwa fundi mzee wa hapa mjini ambaye alimjua baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sumaku usiipige nyundo. Ukiipiga inapoteza nguvu, na krenki nayo utaipinda. Kaza pula, gonga kichwa cha boliti yake mara moja, kaza tena."

Nilifanya hivyo, na katika kukaza mara ya tatu ikaachia kwa mlio mmoja mkavu.

Nilitaka kuhakikisha kabla ya kununua. Niliweka mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa uani, mbali kabisa na pikipiki na petroli, nikailaza stata juu ya mchanga na kuunganisha mita. Ilianza na 412. Kadiri mchanga ulivyopata moto namba zilipanda, jambo ambalo ni la kawaida kwa waya wa shaba: 425, 440, 460. Ilipofika 470, stata ikiwa bado inashikika kwa shida kwa mkono mtupu, mita ikaandika 1. Nikaitoa ikapoa, ikarudi. Mara tatu nilifanya hivyo na mara tatu ikakatika karibu na pale pale.

Nilifungua uzi na karatasi iliyofunika koili, nikaona mahali waya mwembamba kama unywele ulipounganishwa na waya mnene wa nje. Ungio lilikuwa limepasuka. Likiwa baridi ncha ziligusana, likipata joto ziliachana. Nilijaribu kuliunga kwa risasi na waya ukakatika tena ndani zaidi, chini ya safu ya kwanza, ambako sikuweza kuufikia bila kuisuka upya koili nzima. Mwenye mkono mwepesi kuliko wangu huenda akafaulu. Mimi niliishia kuiua kabisa.

11 Mei: Stata isiyoingia, na kii iliyopotea

Stata ya kwanza niliyopewa dukani ilikuwa ya injini ya CG kama nilivyoomba, lakini ilikuwa na vichwa 11 wakati yangu ina 8, na matundu ya kufungia hayakulingana. Idadi ya vichwa lazima iendane na sumaku iliyopo. Walikubali kuibadilisha, ila ilinigharimu nauli ya kwenda na kurudi Tanga mara ya pili. Nenda na stata yako ya zamani mkononi, uziweke mbili hizo mgongo kwa mgongo, uhesabu vichwa, ulinganishe matundu na rangi za waya kabla ya kulipa shilingi 28,000.

Kabla ya kufunga, niliipima stata mpya juu ya mchanga wa moto kama ile ya zamani. Ilipanda bila kukatika mpaka nilipoona nisiiunguze bure.

Wakati wa kurudisha sumaku nilitafuta kii, kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoifunga sumaku isizunguke juu ya krenki na kuharibu taimingi. Nilikuwa nimekiweka kwenye kifuniko cha chupa, na hakikuwepo. Nilichekecha mchanga wa uani kwa nusu saa, nikamwita mdogo wangu, tukageuza turubai. Kilikuwa ndani ya sumaku yenyewe, kimenasa ukutani, pamoja na skrubu moja na chembechembe za chuma. Sumaku ilikuwa imevivuta ilipokuwa imelazwa jirani na vifaa. Ningeifunga hivyo na kupiga kiki, stata mpya ingesagwa kwa mzunguko wa kwanza. Ilaze sumaku mdomo ukiwa juu ya kitambaa safi, mbali na vifaa, na kabla ya kuirudisha pitisha kidole ndani mzunguko mzima.

Nilifuta mafuta kwenye ncha ya krenki na ndani ya tundu la sumaku kwa kitambaa chenye petroli, kwa sababu sehemu hizo hushikana zikiwa kavu. Gasketi mpya, nati ikakazwa, soketi ikarudishwa. Nilimwaga oili pia na kuweka mpya. Injini hii haina kichujio cha karatasi. Inategemea wavu na kile kichujio cha upande wa kulia kinachotupa uchafu pembeni kwa mzunguko wa krenki, kwa hiyo oili ikichelewa hakuna kingine cha kuiokoa.

25 Mei: Muheza hadi Amani na kurudi

Niliondoka saa mbili asubuhi na mita mfukoni. Nilipita pale ilipokuwa ikizima bila kusimama, nikafika Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, injini ikiwa na moto wa kweli. Niliizima makusudi, nikahesabu dakika mbili, nikapiga kiki. Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Nilirudia baada ya dakika tano na baada ya kumi, ikawaka. Koili ya kujaza CDI ilisoma 447 ikiwa na moto, na nyumbani asubuhi ilikuwa imesoma 398.

Plagi niliyoitoa baada ya kurudi ilikuwa ya kahawia hafifu. Asubuhi iliyofuata nilipima valvu tena, safari hii kwenye juu iliyo sahihi: ya kuingizia ilibaki 0.08, ya ekzosi ilikuwa 0.07, nikairudisha 0.08. Nitaipima tena baada ya kilomita 500, kwa kuwa valvu ya ekzosi ikiendelea kupoteza nafasi upesi hivyo itabidi nifungue kichwa cha silinda nitazame kiti chake.

Gharama mpaka sasa

Vilivyohitajika: plagi 5,000; siki 12,000; magadi 1,000; mpira wa koki na kichujio cha petroli 3,000; fila 8,000; gasketi ya kifuniko cha valvu 3,500; mita ya umeme 22,000; stata 28,000; gasketi ya sumaku 2,500; oili 11,000; petroli ya majaribio 20,000; nauli za Tanga 8,000. Jumla yake ni shilingi 124,000.

Vilivyonunuliwa kwa kubahatisha: kabureta 38,000, CDI 15,000 na koili ya plagi 12,000, yaani shilingi 65,000. CDI na koili za zamani nimezirudisha kwenye pikipiki na zinafanya kazi, mpya nimezihifadhi. Jumla kuu ni shilingi 189,000, na zaidi ya theluthi yake ilikwenda kwenye vitu ambavyo kipimo cha dakika tano kando ya barabara kingeniambia nisivinunue.

Kinachofuata ni mnyororo na sproketi. Nilipofungua kifuniko cha mnyororo kuutazama, meno ya sproketi ya mbele yalikuwa yamepinda upande mmoja kama meno ya msumeno, na mnyororo unainuka kwa nusu jino ukiuvuta kwa kidole nyuma ya sproketi kubwa. Nimepima na kuandika idadi ya meno na ya pingili kabla ya kwenda dukani.